Onorable anapita katika kura mbili, sisi tunaangalia moja tu

Wandugu wasomi, tangu kura za tarehe 20 Desemba 2023 zihesabiwe, nimesoma pongezi nyingi kuliko maswali mu magrupu yetu. Onorable fulani amepita, tunaweka picha yake na kuandika chini "mutoto yetu". Mwingine ameanguka, tunamwandikia pole sawa mu kilio. Leo nataka tufanye kazi nyingine. Tuichambue kazi yenyewe ya mbunge wa jimbo: namna anaingia, namna anabaki, na namna sisi wenye diploma tunampima.

Maoni yangu nayaweka hapa mwanzo ili kila mtu asome akijua ninaenda wapi. Mbunge wa jimbo anapita katika kura mbili. Ya kwanza ni ile sisi tunapiga kwa kumchagua. Ya pili ni ile yeye anapiga kwa jina letu, wakati anachagua gavana na maseneta. Ile ya kwanza tunaisherehekea na tunaigombania. Ile ya pili tunaiacha ipite sawa jambo la familia ya watu wengine. Lakini njo ile ya pili inaonyesha mbunge ni nani.

Tuanze na namna mambo yamepangwa, juu wengi wetu tuko na lisansi lakini Katiba hatujaifungua tangu tutoke mu auditware. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa mbunge wa jimbo kazi nne kubwa. Anatunga sheria za jimbo. Anapitisha bajeti ya jimbo. Anaiangalia serikali ya jimbo, anaiuliza maswali, na akiona imepotea njia anaweza kuiangusha kwa hoja. Halafu anachagua: gavana pamoja na naibu wake, na tena maseneta wane wanaowakilisha jimbo kule Kinshasa. Kujenga daraja haimo. Kulipa hospitali haimo. Kuleta manjanja ya shule haimo. Tutarudi pale.

Sasa hesabu. Bunge la Kivu ya Kusini lilianza na viti 36. Tangu kura za 2018 liko na viti 48. Wengi wanatoka mu kura za watu, mu muji wa Bukavu na mu teritwari nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Wachache ni wakubwa wa mila, ambao hawawezi kupita moja juu ya kumi ya wabunge wote, na wao hawapiti mu kura ya watu. Piga hesabu mwenyewe: mtu anayetaka kuwa gavana wa jimbo letu hahitaji kushawishi mama wa soko ya Kadutu, ao mlimaji wa Walungu, ao mvuvi wa sambaza kule Idjwi. Anahitaji watu 25. Mu bunge la kwanza alihitaji 19. Watu 19 wanaenea mu basi moja ndogo.

Simaanishi kwamba kila anayechagua gavana amenunuliwa. Nasema tu kwamba sheria imefanya soko kuwa ndogo sana, na soko ndogo ni rahisi kuidhibiti. Kwa hiyo mbunge mmoja wa jimbo ni mtu mkubwa kuliko tunavyofikiri. Sauti yake moja kati ya 48 ina uzito ambao mbunge wa taifa, mmoja kati ya 500, hawezi kuuota.

Tuangalie historia, juu bila historia tutabaki mu matusi. Wabunge wa kwanza wa jimbo tuliwachagua tarehe 29 Oktoba 2006, siku moja na duru ya pili ya kura ya rais kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Waliingia kazini mwanzo wa 2007. Muhula wao ulikuwa wa miaka mitano. Mu Novemba 2011 tulirudi kwenye foleni ya kura, lakini ilikuwa ya rais na ya wabunge wa taifa tu. CENI iliandika mu kalenda yake tarehe 25 Oktoba 2015 kwa kura za majimbo. Siku ile ilipita sawa siku zingine. Ni tarehe 30 Desemba 2018 tu ndipo tulipata tena karatasi ya kuchagua mbunge wa jimbo.

Miaka kumi na miwili. Nataka tuipime kwa kipimo ambacho kila mmoja wetu anakijua. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza la primeri mu Septemba 2006 alisoma miaka sita ya primeri, akasoma sita ya sekondari, akaandika Exetat mu 2018, akapata diploma ya Leta. Alijifunza kusoma, akajifunza aljebra, akakuwa mtu wa kupiga kura. Muda wote huo, bunge lililomwakilisha mu jimbo lilikuwa lilelile. Na pale kiti kilibaki wazi, aliingia msaidizi ambaye jina lake liliandikwa mu 2006 pamoja na la mwenye kiti. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watoto wale. Shule yenu yote ni muhula mmoja wa onorable.

Na mu muhula ule mmoja walichagua magavana wane. Célestin Cibalonza mu 2007. Louis-Léonce Muderhwa mu 2008. Marcellin Cisambo mu 2010. Claude Nyamugabo mu Agosti 2017. Angalieni vizuri zile tarehe, juu zinasema kitu. Magavana watatu wa kwanza walipatikana ndani ya miaka isiyofika mine. Halafu ikaja miaka saba ya gavana mmoja, na mu kipindi kile njo muhula wa wabunge wenyewe ulipita mwisho wake. Gavana wa nne alichaguliwa na bunge ambalo watu walilipa ruhusa ya miaka mitano karibu miaka kumi na moja mbele.

Kwa haki tuseme: hawakuvunja sheria. Katiba inasema muhula wa mbunge unaisha wakati bunge jipya linaingia, si wakati kalenda inageuka. Na si wao waliopaswa kuandaa kura. Ilikuwa kazi ya Leta na ya CENI. Sipendi ile tabia ya kumtupia onorable kila jiwe. Lakini kukosa kosa la sheria ni jambo moja, na kuwa na ruhusa ya watu ni jambo lingine. Mtu anaweza kukaa mu nyumba kwa sheria wakati mwenye nyumba hayuko, lakini hawezi kusema mwenye nyumba anamupenda.

Mimi naona kile kipindi kiliharibu kitu ambacho hakijapona mpaka sasa. Kilifundisha kizazi chote cha wanasiasa wa hapa kwamba kiti cha jimbo kinaweza kuishi bila mpiga kura. Kama huogopi kurudi Kadutu, Bagira ao Ibanda kuomba tena kura, unamwogopa nani? Unamwogopa mkubwa wa chama, na unamwangalia gavana, juu gavana njo iko na ufunguo wa sanduku. Kumbe yule uliyepaswa kumchunga anakuwa yule unayemtegemea. Mbwa wa ulinzi akilishwa na mgeni, usishangae kama habweki.

Sasa tuje kwenye bunge la pili, lile la 2018. Hapa tulikuwa na matumaini, na matumaini yalikuwa ya haki: kura ilifanyika, na sura nyingi zilikuwa mpya. Lakini jaribio lake la kwanza lilikuja haraka. Mu Machi 2019 mabunge ya majimbo karibu yote yalichagua maseneta, na karibu inchi nzima ikaanza kusema juu ya franga. Mfano uliopigiwa kelele zaidi ulikuwa wa Kinshasa: chama cha UDPS kilikuwa na wabunge 12 wa jimbo mule, na hakikupata seneta hata mmoja. Vijana wa chama walishuka barabarani. Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwanza kuapishwa kwa maseneta na akasogeza mbele kura ya magavana; siku chache nyuma, mambo yakaendelea. Tarehe 10 Aprili 2019 wabunge wetu walimchagua Théo Ngwabidje kuwa gavana.

Ona basi ule mfano wa Kinshasa unatufundisha nini. Watu walipiga kura kwa chama, wabunge wakaingia na jina la chama, na siku ya kura ya pili zile sauti zikapotea hewani. Nani alipiga wapi? Hakuna anayejua, juu kura ni ya siri. Mpiga kura hakudanganywa mu kampeni. Alidanganywa nyuma ya kampeni, mahali ambapo haingii.

Kwetu Kivu ya Kusini, onyesho lilikuja mu Desemba 2021. Zaidi ya nusu ya wabunge walipitisha hoja ya kumwondoa gavana Ngwabidje. Ile ni silaha kubwa kuliko zote ambazo mbunge wa jimbo iko nayo. Kesi ikaenda mu mahakama, na mwishowe gavana akarudi mu kiti chake, akaendelea mpaka uchaguzi uliofuata. Tarehe 29 Aprili ya mwaka wa 2024 bunge jipya likamchagua Jean-Jacques Purusi.

Sitaki kuwa hakimu kati ya gavana yule na wabunge wale. Ninachotaka ni kuuliza sisi tulikuwa wapi. Nakumbuka mazungumzo ya wakati ule mu vikundi vya wasomi. Yalikuwa juu ya nani anatoka wapi, nani iko upande wa nani Kinshasa, na nani atapata wizara mu serikali ijayo ya jimbo. Kwa masikio yangu sikusikia mtu akiuliza: mbunge wa muji wetu amesaini ao hakusaini, na sababu yake ni ipi? Kama alisaini, alituambia lini mbele kwamba gavana anashindwa kazi? Kama hakusaini, anatuambia kwamba kazi inaenda vizuri? Yote mawili ni majibu ya heshima. Kunyamaza peke yake njo hakuna heshima.

Hapa njo nafika kwenye kipimo chetu. Mbunge wa jimbo tunampima kwa nini? Tusidanganyane. Tunampima kwa kilio: alikuja ao hakuja, na alitoa bahasha ya kiasi gani. Tunampima kwa ma-tisheti na vitenge vya kampeni. Tunampima kwa manjanja aliyopeleka ku shule ya kijiji, kwa mifuko ya simenti ya kanisa, kwa mchele na mafuta ya kupika kwa walioungukiwa nyumba kule Kadutu wakati moto unapita. Mama mmoja wa soko akisema "uyu anatukulisha, yule hapana", simlaumu hata kidogo. Yeye anajua thamani ya kilo ya unga, na hakuna aliyemweleza thamani ya sauti moja kati ya 48. Lakini sisi tulioelezwa, tunasema nini? Sisi tunasema vilevile, kwa Kifaransa kizuri zaidi.

Fikiria kidogo ile zawadi inatoka wapi. Mbunge hana bajeti ya kujenga. Kama anagawa manjanja kila mwaka, basi ni mshahara wake, ao ni deni, ao ni mtu mwingine anayelipa nyuma yake. Kama ni mshahara, anatafuta kuurudisha. Kama ni deni, lazima alilipe. Kama ni mtu mwingine, mtu yule atadai kitu, na kitu pekee ambacho mbunge iko nacho cha kumpa ni ile sauti yake bungeni. Kwa hiyo kila mara tunapomdai zawadi, tunamsukuma mlango wa kura ya pili na mkono wazi. Sisi wenyewe tunaandika bei juu ya sauti yetu, halafu tunalia kwamba imeuzwa.

Na kuna zawadi ya wasomi, ambayo hatupendi kuitaja. Sisi hatuombi unga. Tunaomba kazi. Tunabeba dosye mu bahasha ya kaki, tunaketi mbele ya nyumba ya onorable tangu saa kumi na mbili za asubuhi, tunaomba kuwa msaidizi wake, ao kuandikwa mu ofisi ya waziri wa jimbo ambaye ni rafiki yake, ao angalau barua ya kupendekezwa. Sicheki mtu. Ushomeri mu muji huu unaujua kila mtu aliyetoka UOB, UCB, UEA, ISP ao ISDR. Lakini tuangalie matokeo. Mtu aliyesoma sheria, uchumi, ao maendeleo ya vijijini, ambaye angeweza kusoma bajeti ya jimbo ukurasa kwa ukurasa, anakuwa mtu wa kumwandikia onorable maneno ya kuzaliwa kwake. Jimbo linapoteza mkaguzi na onorable anapata msifuaji wa bure. Mimi naona hii njo hasara kubwa kuliko bahasha zote.

Wengine watanijibu kwamba shida si wapiga kura wala wasomi, ni sheria ya uchaguzi. Wana haki kwa sehemu. Tangu sheria ilipogeuzwa mu Desemba 2017, chama ao muungano wa vyama lazima upate asilimia 3 ya kura za jimbo lote ili uingie mu kugawana viti vya bunge la jimbo. Maana yake, kandida anaweza kupendwa sana mu Bukavu, akapata kura kupita wengine wote, na akabaki nje juu muungano wake haukufikisha 3 mu jimbo. Na mwingine mwenye kura kidogo anaingia kwa mgongo wa orodha kubwa. Njo maana makandida wanahama vyama sawa wasafiri wanaotafuta basi lililojaa haraka. Mawazo ya chama hayana kazi. Kinachotafutwa ni nafasi mu orodha itakayopita. Ongeza pale dhamana ya CENI ambayo hairudishwi, na wasaidizi wa kiti ambao mara nyingi ni wa nyumba moja na kandida, na utaona kwamba kijana mwenye akili lakini bila franga anaanza mbio akiwa mbali sana nyuma.

Ongeza tena udanganyifu wenyewe. Mu Januari 2024 CENI ilifuta kura za makandida 82 inchi nzima kwa sababu ya udanganyifu, kati yao watu wakubwa wa Leta, na ikafuta uchaguzi mzima wa Masimanimba na Yakoma. Kwa hiyo ndiyo, sheria iko na matundu, na watu wanaoisimamia wako na mikono.

Lakini sheria ya uchaguzi inaeleza namna onorable anavyoingia. Haielezi kwa nini, akiisha kuingia, hakuna anayemuuliza. Kizingiti cha asilimia 3 hakikatazi mtu kwenda kuketi mu kikao cha bunge. Dhamana ya CENI haikatazi mtu kuomba nakala ya bajeti. Tusiifanye sheria mbaya kuwa kitanda chetu cha kulalia.

Wengine tena watasema: basi gavana achaguliwe moja kwa moja na watu, tumalize hii biashara ya sauti 25. Ni wazo nzuri, na mimi naliunga mkono kwa kanuni. Lakini tusifikiri ni dawa ya kila ugonjwa. Jirani zetu wa Kenya wanachagua gavana wa kaunti moja kwa moja tangu 2013, na wabunge wa kaunti wanachaguliwa pembeni. Vita haikuisha. Kule Meru, wabunge wa kaunti walimwondoa gavana Kawira Mwangaza mu 2022, Seneti ikamrudisha. Wakamwondoa tena mu 2023, Seneti ikamrudisha tena. Tofauti ni kwamba kule mashitaka yalisomwa mbele ya Seneti na inchi nzima ikayafuata mu televisheni. Watu waliweza kupima nani anasema nini na ushahidi uko wapi. Kwa hiyo swali si tu nani anachagua. Ni pia kama wale wanaochagua na kuangusha wanafanya vile mu mwanga.

Tufike basi kwenye ile siri ya kura. Kuna mtu atasema kura ya gavana ifanywe kwa mikono juu, ili tuone msaliti. Mimi nakataa, na nitaeleza sababu. Siri inamlinda mbunge mbele ya mkubwa wa chama anayetaka kumlazimisha. Inamlinda pia mbele ya mnunuzi, juu mnunuzi hawezi kuhakikisha kama amepata alicholipa. Njo maana makelele ya picha za simu ndani ya chumba cha kura yanapaswa kutuogopesha. Ukitoa siri, unampa mnunuzi risiti. Hapana, siri ibaki.

Lakini siri ni ya karatasi. Si ya mdomo. Hakuna sheria inayomkataza mbunge wa Bukavu kusimama mbele ya watu wake wiki moja kabla ya kura ya gavana na kusema: kati ya makandida hawa, mimi naona huyu, kwa sababu hizi tatu. Akigeuza maneno mu chumba, dhamiri yake itamhukumu. Lakini akikataa hata kusema, sisi tutamhukumu. Na mambo mengine yote, bajeti, hesabu za mwaka uliopita, maswali kwa mawaziri, yale hayana siri yoyote. Yanafanyika mu vikao, kwa majina.

Kwa hiyo napendekeza kitu kidogo ambacho chama chetu cha wahitimu kinaweza kufanya bila kuomba franga kwa mtu. Bunge la jimbo liko na vikao viwili vya kawaida kwa mwaka; kile kinachofunguliwa mwisho wa Septemba njo cha bajeti. Tugawane siku. Watu wawili kwa kila kikao cha wote, mmoja mchumi, mmoja mwanasheria, wanaketi, wanaandika: nani alikuja, nani alisema, nani alileta swali, bajeti ilipita kwa sauti ngapi, hesabu za mwaka uliopita zililetwa ao hazikuletwa. Hakuna maoni, hakuna matusi. Karatasi moja kwa mwezi, tuiweke hapa kwa Kiswahili, na tuipeleke Radio Maendeleo ili mama wa soko pia aisikie. Tukizuiliwa mlangoni, tuandike vilevile kwamba siku fulani tumezuiliwa.

Mtu atasema hii ni kazi ya wanahabari. Wanahabari wa muji huu wanafanya kazi ngumu na hatari, na habari zao ni za kila siku. Lakini kampeni inakuja nyuma ya miaka, na nyuma ya miaka watu wanasahau. Sisi tunaweza kufanya ile kazi ya uvumilivu: kuweka daftari. Mu 2028, kama kalenda itaheshimiwa, kila onorable atarudi na ma-tisheti yake. Fikirieni atarudi mu muji ambamo kijana mmoja anafungua daftari na kusoma: mheshimiwa, mu vikao hivi ulikuwepo mara hizi, ulisema mara hizi, bajeti ile uliipigia ndiyo, na juu ya gavana hukutuambia neno. Sihitaji kuongeza hata tusi moja pale.

Kwa wale kati yetu wanaotaka kuingia siasa, na najua wako wengi, nina neno moja. Msijifunze kazi hii kwa kubeba mkoba wa onorable. Mkoba unafundisha kubeba. Jifunzeni kwa kusoma bajeti moja ya jimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuweza kueleza mu Kiswahili cha soko, ao mu Mashi, kwa nini ile asilimia 40 ya mapato ambayo kifungu cha 175 cha Katiba kinaipa majimbo haifiki sawa ilivyoandikwa. Siku kandida wa jimbo ataweza kueleza lile jambo juu ya gari ya kampeni na watu wakasikiliza mpaka mwisho, nitajua kitu kimebadilika.

Na kwa wale wabunge 48 wa sasa, ambao wengine wao wanasoma ukurasa huu, hatuna vita na ninyi. Tunawaomba kitu ambacho hakina gharama. Bajeti ikija mu Septemba, kila mmoja atuandikie mistari mitano: nimepiga nini, na kwa nini. Sisi tutaichapa bila kubadilisha neno. Na asiyeandika, jina lake litabaki na nafasi tupu mbele yake. Nani kati yetu atachukua zamu ya kwanza? Andikeni majina yenu chini.